Wanaoruka Kwenye Ratiba ya Ta Leonidas

Jumanne, katikati ya Novemba, Kayanga. Ukungu ulikaa juu ya migomba mpaka saa nne, ikaja mvua, likaja jua la dakika ishirini, ikarudi mvua. Viatu vyangu viko mlangoni, udongo wa Igurwa umeganda hadi kwenye kamba.

Nimechoka.

Njia ya Igurwa haijawahi kunichosha. Nimeipita mara nyingi nikifuata habari za kahawa, za mnyauko wa migomba, za kesi za mipaka. Leo nilikwenda kueleza kosa langu mbele ya watu waliofiwa, na kosa lenyewe lilikuwa limeshamwangukia mtu mwingine.

Niandike kwa mpangilio.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba kwa miaka saba nimekuwa nikikusanya picha ndogo za kuchorwa za kompyuta, zile ambazo watu wa steshenari huzipachika kwenye kadi na vyeti. Za kwangu zote ni za wenyeji wa Amerika ya Kusini. Nilianza nikiandika makala kuhusu muhogo. Nikakuta kwamba muhogo, mahindi, maharage na karanga vyote vilianzia kwa watu wale, na kwamba ukiondoa ndizi, sufuria zetu zina deni kubwa kwao. Nikatafuta picha ya mkulima wao, nikampata mwanamke wa milimani akipanda viazi. Baadaye nikakuta watu wa msituni, kando ya mto mkubwa, wanaogonga gome la mti mpaka liwe nguo, kama wazee wetu walivyogonga mti wa mtoma wakapata lubugo, la kuvaa na la kuzikia wafu. Hapo nikanasa.

Nyingine nilizipakua kwenye makumbusho yanayoruhusu. Nyingine nilizichora mwenyewe, nikifuatisha mapambo ya vitambaa vya kale. Sasa zimefika mia sita na kitu, na ninazigawa bure. Mwalimu mmoja wa Nyakakika amezibandika darasani. Kwaya moja ya Kyerwa imeshona pambo la ngazi-ngazi kwenye majoho.

Sasa kosa. Miaka yote niliyofanya kazi redioni na magazetini, sikumruhusu mwandishi mchanga atoe picha bila maelezo. Nani, wapi, lini, anafanya nini. Nilizoea kuwaambia kwamba picha isiyo na maelezo ni uvumi. Hizi za kwangu mia sita nilizipa majina ya "pambo 1", "pambo 2", nikaendelea hivyo hadi mwisho. Nilijua kila moja imetoka wapi. Sikuandika. Niliziona nzuri na nikaona hilo linatosha.

Wiki iliyopita Ta Leonidas, mzee wa Igurwa, alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Watoto wake wakaenda kuchapisha ratiba ya mazishi kwa Ma Adventina, mjane mwenye steshenari ndogo, ya pekee karibu na soko. Ma Adventina amekuwa akichukua picha zangu tangu nianze kuzigawa. Alitaka mstari wa mapambo kuzunguka karatasi, akachagua pambo 214: watu wadogo wenye rangi nyingi, wamelala hewani, nywele zinapepea nyuma.

"Niliona wanaruka, waitu," aliniambia jana. "Anayeruka kwenye ratiba ya mazishi ni nani kama si malaika?"

Kila mmoja wa wale malaika ameshika kichwa cha mtu.

Picha ikiwa ndogo huwezi kuona upesi. Lakini Ma Paskazia, dada wa marehemu, ana miwani mizuri na alikaa mbele mazishini, na wasifu wa marehemu ulisomwa kwa muda mrefu. Akawa anafuata ule mstari kwa kidole. Halafu akamuuliza jirani yake hawa wamebeba nini.

Kabla ya jua kuzama, Igurwa yote na nusu ya majirani zao wa Ndama walikuwa wameshapata jibu. Kibanja alichoachiwa Ma Adventina na mumewe, nyumba na migomba yake, kinapakana na cha Ta Leonidas. Milamula iliyopandwa kuonyesha mpaka iling'olewa mwaka juzi, kila upande ukautuhumu mwingine, na kesi ilifika baraza la kata mara mbili. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza picha imetoka wapi. Walisema mama yule ameizungushia familia wakata vichwa, kwamba kichwa cha kwanza ni cha marehemu, na wakaanza kukisia cha pili ni cha nani.

Jana kamati ya harusi moja ilikwenda steshenari kuondoa kazi ya kadi zake kabla hazijachapishwa. Mpwa wa marehemu alisimama sokoni akamwita mchawi wa karatasi. Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu nimeandika habari za wanawake walioitwa kwa neno hilo, na ninajua habari hizo huishaje. Leo familia ilikuwa inamaliza matanga, na baada ya matanga ukoo ungekaa kikao. Kama ukoo ungelisema neno lile rasmi, Ma Adventina asingeweza tena kulala kwenye kibanja chake.

Jana mchana alikuja kwangu. Hakulia. Alinyoosha simu.

"Pambo mia mbili na kumi na nne ni la nani?"

"La kwangu."

"Basi nenda ukaseme."

Nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji anisindikize. Ni mtu mwema, anapenda mambo yaishe. Tukipanda kilima leo asubuhi alinipa ushauri.

"Mwandishi, kwenye picha yenye ukubwa wa ukucha, kichwa na kibuyu vinatofautiana nini? Sema ni vibuyu vya pombe. Tule, turudi."

Niliufikiria ushauri huo mpaka juu ya kilima. Naandika hivi kwa sababu ni kweli. Ulikuwa uongo mdogo, ungemwokoa mtu, na mimi si mgeni wa watu wanaosema uongo mdogo. Kilichonizuia hakikuwa usafi wa moyo. Nilijua kwamba siku yoyote kijana wa familia ataikuza ile picha kwenye simu, na siku hiyo watasema mjane alimtuma mwandishi aje kuwadanganya. Neno la kwanza, la uchawi, angeweza kulishinda. La pili, la kuwadanganya waliofiwa, lisingemwacha.

Chini ya turubai walikuwapo wazee wa ukoo kama kumi, mtoto mkubwa wa marehemu, na Ma Paskazia kwenye kiti cha plastiki, ratiba imekunjwa mapajani. Nilitoa shikamoo, nikapewa kiti, nikakataa kukaa kabla ya kusema.

Nikawaambia picha ni yangu. Nikawaambia ilitoka kwenye kitambaa cha watu wa kale sana, walioishi kwenye jangwa kando ya bahari huko Amerika ya Kusini. Watu wale walipofiwa walimfunga maiti kwa vitambaa, kimoja juu ya kingine, vilivyotariziwa kwa kazi ya muda mrefu. Wale wanaoruka walitariziwa kwenye sanda.

"Kama lubugo," akasema mzee mmoja.

"Kama lubugo, baba."

Nilidhani imekwisha. Ma Paskazia akafungua karatasi, akaweka kidole.

"Na walichoshika?"

Mwenyekiti alikohoa.

"Vichwa, mama."

"Vya nani?"

"Sijui. Wanaosomea mambo hayo hawajakubaliana. Wapo wanaosema ni vya maadui. Wapo wanaosema ni vya wazee wao wenyewe, vilitunzwa kwa heshima ili mazao yakubali. Mimi sijui."

Mvua ilikuwa inapiga turubai na mtu akanyanyua upande mmoja kwa fimbo ili maji yamwagike.

"Wewe ulijua ni vichwa?" akauliza Ma Paskazia.

"Nilijua."

"Na huyu mama wa steshenari?"

"Hakujua. Sikumwandikia."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi mwenye kosa ni wewe."

"Ni mimi, mama."

Yule mzee wa lubugo akaanza kucheka. Akasema huyu ndiye kila siku alikuwa anatueleza redioni mambo ya watu mpaka chai inapoa, leo la kwake moja limemshinda kuandika. Mwingine akasema labda alikuwa analipwa kwa kusema tu, kuandika ni bure. Wakacheka wote, hata mtoto wa marehemu. Kikaletwa kikapu kidogo, nikapewa kahawa ya kutafuna, ile ambayo huku humpi mtu uliye na kinyongo naye. Nikatafuna. Tangu shikamoo mpaka kahawa, sidhani kama nusu saa ilikwisha.

Nikauliza kuhusu Ma Adventina. Ma Paskazia akasema kwa upande wake hana neno naye, na kikao cha ukoo hakitalizungumza jambo hilo. Hilo ndilo nililolifuata, na nimelipata mbele ya mashahidi. Halafu nikaomba apelekewe na yeye kahawa.

Mtoto mkubwa wa marehemu akaangalia pembeni. "Mambo ya mpaka ni mambo mengine," akasema.

Ma Paskazia hakumpinga. Aliponisindikiza mpaka njiani alinishika mkono, akasema: "Sisi tumekusikia. Lakini waliosema hawakuwa hapa, mwanangu. Wako sokoni."

Nilipitia steshenari nikirudi. Ma Adventina alikuwa amekaa nyuma ya meza, mashine imezimwa, hakuna mteja. Mwenyekiti alikuwa ameshampigia simu.

"Nasikia hukusema vibuyu."

"Nilisema vichwa."

Nikamweleza sababu zangu zote, kwa mpangilio, kama ninavyozieleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini wewe ukweli ulikugharimu nini? Wamekucheka, wakakupa kahawa. Mimi ningefukuzwa kwenye kibanja."



Nimekosa, nikasamehewa kabla nguo hazijakauka. Yeye hakukosa, na alichopata ni kuambiwa kwamba hawana neno naye. Ningekuwa namhariri mtu mwingine ningemwambia habari iko hapo, aache mengine yote.

Tangu saa tisa nimezifunga picha zote kwenye ukurasa huu. Walimu watalalamika. Nitazirudisha moja moja, kila moja ikiwa na maelezo yake: watu gani, wapi, kitu gani, kilitumika wakati gani, na pale nisipojua nitaandika sijui. Mpaka sasa nimemaliza kumi na moja. Mgongo unauma. Ya 214 nimeiandika kwanza, na imechukua mistari sita ambayo ingeandikwa miaka saba iliyopita kwa dakika tano.

Nilimwambia Ma Adventina nitaichapa kubwa, na maelezo yake chini, niibandike kwenye ukuta wa steshenari. Akakataa mara moja.

"Usiniletee hao watu tena. Wewe njoo ukae tu, wakuone."

Kesho ni gulio. Watu watashuka kutoka Igurwa na Ndama na ndizi zao, na wote hupita mbele ya mlango wake. Nitakaa kwenye benchi lake tangu asubuhi. Atakayeniuliza nitamjibu. Asiyeuliza nitamwita.