Randa Yenye Pengo

Jumapili, 3 Novemba 2019

Baridi ya kukata masikio, lakini nimerudi na sanduku!

Nilikwenda kwenye mnada wa vitu vikuukuu, lile banda la zamani la zimamoto, na nilikuwa nimeshakata tamaa. Vikombe, vinara, makoti ya marehemu. Halafu naona chini ya meza sanduku zima la fundi seremala. Randa za mti, patasi za kila upana, misumeno, visu vya kuchongea. Vipini vimelainika kwa mkono wa mtu mmoja, unaona hata kidole gumba kilipokaa. Muuzaji mwanamke mwenye koti la bluu, hakunitazama usoni. Nikamwuliza, vya nani hivi? Vya mzee mmoja, akasema, hana kazi navyo tena.

Basi nikajua kafa. Hapa Värmland, Uswidi, watu wana haraka ya kusafisha nyumba za wazee wao, mwili haujapoa, masanduku yameshafika barabarani.

Nimebeba mwenyewe hadi kwenye gari na sasa mgongo unanilaani. Potelea mbali! Tangu shule ifungwe na mimi nihamie na watoto wangu wa somo la useremala huku chini ya nyumba ya parokia, tumekuwa tukigombania randa mbili butu kama kuku na minyoo. Sasa kila mtoto atashika chake.

Jumanne, 5 Novemba

Nimenoa tangu asubuhi. Vidole vyeusi, moyo mweupe.

Randa kubwa ina pengo kwenye ulimi wake wa chuma, dogo kuliko punje ya ufuta. Kila ikipita juu ya ubao inaacha mstari uliotuna, mwembamba kama uzi. Nilitaka kulimaliza kwenye kinoo, nikaliacha. Niliwafumba watoto macho kwa skafu zao, nikawaambia, papaseni, nitafutieni mstari. Kelele zake! Viggo alidai kaupata kumbe anapapasa meza. Lakini waliupata wote mwisho wake. Mkono unafundishika, hilo nimelisema maisha yangu yote.

Halafu Tuva. Ana miaka tisa, mdogo wa mwili, hutafuna ncha ya msuko wake akiwaza. Aliigeuza randa, akaona herufi zilizochomwa kwa moto ubavuni, H.E. na mshale mdogo. Akasema kwa sauti, "Hii ya babu yangu."

"Babu yako ndiye mwenye randa zote za dunia?" — Viggo huyo.

"Ya babu! Huwa ananishikisha mimi mbele, yeye nyuma."

Nikamvuta pembeni, nikamwuliza kwa upole babu alifariki lini. Akanikodolea macho. Hajafariki! Yuko nyumba ya wazee, alivunjika nyonga. Majira ya kuchipua anarudi kwake, watatengeneza kibanda cha kuku. Ameshachora.

Sijala usiku huu.

Alhamisi, 7 Novemba

Amekuja mama yake Tuva, kwa mara ya kwanza. Annelie. Koti lile lile la bluu.

Nimemwekea kahawa na andazi la mdalasini, hakugusa. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa polisi. Nikamwambia chukua sanduku lako, sikulijua. Akacheka vibaya. Nilipeleke wapi, Gunborg? Chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu. Nyumba ya baba nayo imeuzwa. Wenyewe wapya wameshaingia, karakana wameipaka rangi nyeupe, wataweka baiskeli.

Na mzee hajui! Hajui lolote!

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mtu yuko hai na wewe unamfanyia usafi wa maiti, huna haya? Naye akapandisha. "Ulibeba wewe, Gunborg. Ulikuwa unacheka peke yako mpaka kwenye gari."

Kweli nilikuwa nacheka.

Akakaa, akasema yote. Septemba daktari alisema nyonga ile haitambeba tena. Mzee — Hilding — akageukia ukuta, akaacha kula. Wiki nzima maji ya kijiko. Ndipo Annelie akamwambia, baba, karakana iko vile vile, nimeifagia, ukipata nguvu nitakupeleka nyumbani majira ya kuchipua. Siku hiyo hiyo akala viazi viwili na soseji. Tangu hapo anakula. Anafanya mazoezi ya mikono kitandani.

"Ndiyo dawa yake," akasema. "Ukimwambia unamuua. Sikutishi, nilimwona."

Anataka Tuva asiseme. Na anataka nimwambie mimi, kwa sababu mtoto ananisikiliza mimi kuliko yeye. Nikamwambia hiyo kazi ni yako. Akaniambia, dada yangu, nakuomba. Mimi si dada yake. Nimekubali, mjinga mimi.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemwambia Tuva. Kule nyuma kwenye stoo ya mbao, wenzake wakipiga misumeno.

Nikamwambia nyumba ya babu imeuzwa, lakini babu akiuliza, karakana ipo.

"Ipo?"

Mwache aamini ipo.

"Kwa hiyo nimdanganye."

Si kudanganya. Usiseme tu.

Akatafuna msuko. "Lakini wewe ulisema mbao haidanganywi. Ukikosea, unakosea, usifiche kwa gundi."

Nikakasirika! Kwa mtoto! Nikamwambia watu si mbao, rudi kwenye meza yako. Akarudi. Nilibaki mle stoo naangalia magogo. Najichukia kabisa leo.

Baadaye akaja kuomba randa kubwa. Anataka kumtengenezea babu kibao cha kukatia mkate, siku yake ya kuzaliwa ni Jumapili ya tarehe 24. Ningesema nini? Kibao ni kibao. Hakina herufi za mtu. Nikampa.

Jumanne, 19 Novemba

Giza saa tisa alasiri. Mvua ya barafu. Watoto wanakohoa.

Lakini kibao cha Tuva! Msonobari, hakina fundo hata moja, kimepigwa randa mpaka taa inaonekana juu yake. Sijaona mtoto wa umri huo akifanya hivyo, na nimewaona wengi. Wakati wa kumaliza akaniomba karatasi ya msasa. Kuna ule mstari, kasema, nisugue?

Nilimkaripia mbele ya wote. Hapa hatusugui! Ubao uliopigwa randa ukiupitishia msasa umeutukana! Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo alivyofundishwa aliyenifundisha, na yeyote katika nchi hii aliyewahi kushika randa mbele ya mwalimu atakwambia hivyo hivyo. Msasa ni wa wavivu. Watoto wakafanya wimbo, "umeutukana, umeutukana," wakipiga meza. Hata Tuva alicheka. Mara ya kwanza tangu siku ile ya stoo.

Tukakipaka mafuta ya kitani, tukakifunga kwenye gazeti. Siku njema. Nimekula vizuri.

Jumatatu, 25 Novemba

Annelie amepiga simu. Niliweka simu mbali na sikio.

Jana. Nyumba ya wazee, keki ya kijani, mshumaa. Mzee akafungua gazeti, akasifu, akambusu mtoto kichwani. Halafu akapitisha kidole gumba juu ya kibao kama anavyofanya kila fundi. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Akapitisha tena.

"Nani kakupa randa yangu?"

Ule mstari! Mimi! Mimi niliyemkataza kusugua! Nimekaa jikoni tangu simu ile nasema peke yangu, mjinga, mjinga, bibi kizee mjinga. Nilifumba watoto macho wautafute, halafu nikausahau. Msasa kidogo tu, nusu dakika. Lakini Gunborg na heshima yake ya ubao!

Tuva hakusema. Annelie anasema alikaa na keki mdomoni, hatafuni, hamezi, machozi yanamtoka. Alishika neno langu. Afadhali angelitupa.

Na mzee hakukasirika. Hilo ndilo baya. Alifurahi! Umeingia karakana, akasema, unajua ninapoficha ufunguo wa akiba, mtoto mwerevu wewe! Akawaeleza pengo lilitoka wapi: msumari kwenye kitanda cha Annelie alipokuwa mtoto mchanga, mzee alikuwa anakipunguza kipite mlangoni. Hakulinoa tangu hapo, alilipenda tu. Halafu akajiinua kwa mikono. Kama mtoto huyu anaweza kufanya kazi mle ndani, akasema, mimi nalala hapa nangojea nini? Jua? Napelekwa nyumbani wiki hii.

Annelie akababaika. Akamwambia vifaa viko kwa Gunborg, tumewaazima watoto. Uongo juu ya uongo. Vizuri sana, akasema mzee. Jumanne nitapita kuwaona hao watoto, nichukue vitu vyangu, kisha wewe utanipitia hapo tuelekee nyumbani.

Amenyolewa ndevu leo. Ameomba tai.

Nilimwambia Annelie, mwambie leo, nenda sasa hivi. Akasema mwambie wewe. Akakata.

Jumanne, 26 Novemba

Naandika hapa hapa karakanani kwangu, kwenye meza yangu. Najifanya naandika mahudhurio.

Alikuja saa nane. Kijana wa nyumba ya wazee alimsukuma kwenye theluji, magurudumu yanakwama. Koti jeusi, tai, nywele zimechanwa kwa maji. Mwembamba! Ila mikono yake mikubwa, na niliitambua kutoka kwenye vile vipini.

Watoto waliacha vyombo, wakamkodolea macho. Yeye akacheka, akasema, mbona mnaniangalia kama mgeni, vyombo vyangu mnavyo nyinyi! Akaomba aone. Akapita meza kwa meza. Alimshika Viggo kiwiko, akakishusha. Basi, unaona? Usiisukume kwa hasira, haijakukosea. Viggo, ambaye hasikii la mtu, alirudia mpaka akaweza. Hakuna aliyeomba kwenda chooni. Hakuna aliyekohoa. Somo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo ndani ya chumba, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa.

Halafu akapiga makofi.

"Haya, wanangu. Ahsanteni kwa kunitunzia. Sasa kila kimoja sandukuni."

Walirudisha mmoja mmoja. Viggo alifuta kisu kwenye suruali kwanza, akampa mkono. Nimefunzwa kuongea mbele ya watoto, nami nikawa nahesabu patasi zikiingia. Wazazi wakaja, wakawachukua, meza zikabaki tupu. Kijana naye nikamwacha aende, kwa sababu mzee alimwambia, binti yangu ananipitia.

Sasa tumebaki watatu. Hilding yuko mlangoni na koti lake, sanduku miguuni, kofia mapajani. Ametoa shingoni ufunguo wa karakana yake, umefungwa kwa kamba ya viatu, anausugua kwa kidole gumba. Tuva amesimama karibu naye na randa kubwa kifuani. Hajaitia sandukuni.

Gari la Annelie liko nje. Lilifika zamani. Taa zinawaka, wipa zinakwenda. Namwona ndani, mikono kwenye usukani. Hashuki.

Mzee amegeuka. "Gunborg, mbona huyu mwanangu hashuki? Anaogopa theluji?"

Nimesema labda anaongea na simu.

"Mwambie kunaingia giza. Nataka niwashe jiko la kuni mapema, karakana itakuwa imepoa."

Nimesema ndiyo. Nimeinama, naandika. Tuva amemwekea babu yake randa mapajani, juu ya kofia, taratibu. Anakuja huku kwangu. Hatafuni msuko. Amesimama mbele ya meza na anauliza kwa sauti yake ya kawaida, ya kila Jumanne, na babu yake anasikia:

"Gunborg, sasa niseme nini?"