Nilipewa Sekunde Kumi, Nikatumia Tatu

Mama Peris, wewe unayejibu barua za watu kwenye gazeti letu, pokea salamu zangu, naomba unisaidie na usinicheke, maana mimi siyo mtu wa kuomba ushauri, watu ndio wanakuja kwangu, uliza Wakongomani wote wa Richfield watakuambia mimi ni nani. Niko na miaka sabini na mbili, masomo niliacha darasa la pili, mais lakini kwenye shamba la chai nilikuwa kapita, msimamizi wa watu mia na kumi, na majina yao yote niko nayo kichwani mpaka leo bila daftari.

Neno lenyewe ni hili. Tangu wanipasue goti siendi popote sababu ya theluji, donc basi mjukuu wangu Gentille, ana miaka kumi na tano, akitoka shule ananikalisha mbele ya televisheni tunacheza geimu yake. Ni geimu ya dunia ya mbele, miaka mia mbili kutoka sasa, majumba yanafika mawinguni na magari yanaruka, na wewe unakuwa mtu wa humo ndani, unaongea na watu, unachagua jibu, hadithi inafuata jibu lako. Gentille anasoma Kiingereza ananigeuzia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, mimi nashika manette, kile kidude cha vifungo, na sijisifu bure, wiki ya pili nilikuwa namshinda.

Basi tukafika kwenye misheni ya ujasusi. Wakubwa wa mji walinituma kwenye jumba moja refu nijifanye mpishi, niingie kati ya watu wanaopinga serikali, nijue nani anatuma habari nje kwa redio. Tuliicheza siku nne. Nilipika, nilibeba sahani, nilisikiliza milangoni, kamera hata moja haikuniona. Kuna fundi mwanamke pale, Gentille alikuwa anampenda sababu ya vichekesho vyake, yeye mwenyewe alinionyesha redio nyuma ya tangi la maji, akasema wewe mpishi nakuamini. Halafu sauti ya mkubwa ikaingia sikioni: taja jina. Chini ya televisheni ikatokea saa, sekunde kumi zinarudi nyuma, na majibu mawili, kutaja ao kunyamaza.

Nikataja. Nilibonyeza zikiwa zimebaki saba.

Wakamchukua yule mwanamke, mlango ukafungwa, Gentille akaweka mikono kichwani. Akasema, "Babu, hata hukufikiri." Nikamwambia mashine ilikuwa inanikimbiza. Akasema, "Ulikuwa na kumi, umetumia tatu. Na kanisani unasema wewe hukutaja mtu." Nikamwambia nyamaza, hii ni geimu, mtoto haulizi mzee hivyo. Akaenda kuosha vyombo, na siku hiyo hakuniaga.

Mama, lazima nikueleze huo ushuhuda. Mwaka wa vita ya pili ya Kongo, miaka kumi na tisa sasa, askari walinikuta njiani kule kwetu, wanatafuta mwenye redio ya kuongea na watu wa porini. Walinipiga na kitako cha bunduki hapa juu ya jicho, kovu liko. Kanisani kila Novemba, siku ya shukrani, nasimama naonyesha kovu, nasema walinipiga mais kinywa changu kilibaki kimefungwa, watu wanapiga makofi, na Gentille ananitafsiria kwa wageni. Mjane wa Thaddée, mtu waliyemchukua wakati ule, anaitwa Perpétue, yuko kanisa lile lile, analia, na kila Jumapili depuis tangu tufike hapa ananiletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya moto kwenye bakuli lenye kifuniko cha buluu, anasema ni ya mtu aliyempigania mume wake.

Sasa usiniharakishe. Walinipiga mara moja. Wakauliza redio ni ya nani. Nikaonyesha kwa kidole nyumba ya Thaddée. Alikuwa jirani yangu, redio alinionyesha yeye mwenyewe. Walimpakia kwenye gari, camionnette ya kijani, wakapita barabara ya chini, ya kiwanda cha chai, siyo ya mjini kama watu wanavyosema, naijua vizuri sababu kichwa changu hakisahau kitu. Hakurudi.

Kesho yake Gentille akaniambia geimu inakubali kurudi nyuma, nichague tena. Nikarudi, nikanyamaza. Wakanipiga mpaka televisheni yote ikawa nyekundu, ikaandikwa misheni imeshindwa, na yule fundi akatoka mlango wa nyuma akaenda zake. Nililia, mimi, mbele ya mtoto. Akauliza, "Babu, nini?" Nikasema ni goti.

Wiki mbili tu, nasimama tena, na Gentille ndiye wa kutafsiri, na siku hizi ananiangalia sana. Donc swali langu: hii geimu ni kitu cha shetani kwa mzee wa kanisa, niwaambie waitupe? Nijibu wazi, mimi siogopi jibu.

Mzee wa Richfield

*

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako nalimaliza kwa mstari mmoja: geimu haina shetani, usimtupie mtoto vitu vyake. Sasa tuongee lile ambalo hukuuliza.

Kwanza nikupe haki yako. Waliomchukua Thaddée ni wenye bunduki. Wewe ulikuwa na damu machoni, na sitakuhukumu kwa sekunde zile, wala simpi ruhusa mtu aliyekaa kwenye kochi lake hapa Minnesota akuhukumu. Lakini ule ushuhuda hukuulizwa na mtu mwenye bunduki. Uliutunga mwenyewe, ukausema kila Novemba, ukampa mjukuu wako autafsiri, na sombe ukaila. Hapo ndipo nimekukasirikia, mzee, kwa heshima zote.

Mpigie pasta leo umwambie mwaka huu husimami. Ukitaka sema ni goti. Huo ndio uongo wa mwisho ninaokuruhusu. Na usiende kukiri mbele ya kanisa. Najua utatamani, kwa sababu unapenda watu wakikusikiliza, lakini huyo mama hawezi kupata habari za mumewe akiwa amekaa katikati ya watu mia mbili wanaomtazama. Nenda kwake mchana. Awepo mtu mzima mmoja anayeaminiwa na yeye, si na wewe. Gentille abaki nyumbani, amekutafsiria ya kutosha. Ila kabla hujatoka, mwambie kwa maneno machache kwamba alichokiona kwako siku ile alikiona sawasawa.

Ukifika usionyeshe kovu. Usianze na msamaha pia, maana ukimwomba msamaha kabla hajajua lolote utakuwa unamtwisha kazi. Anaweza kukufukuza. Anaweza kuchukua bakuli lake na asikusalimie tena hadi mmoja wenu azikwe, na hutanung'unika, wala hutamtuma pasta akambembeleze.

Mimi ni nesi, nimekaa na wajane wengi. Swali la nani alikosa huja baadaye. Kitu cha kwanza wanachouliza ni wapi. Miaka kumi na tisa huyo mama amekuwa akimtafuta mumewe kwenye barabara ya mjini, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Wewe unajua gari lilipita barabara ya kiwanda. Anza na hilo.

Peris

Kwa wasomaji: jibu hili nilimsomea mzee kwa simu mwezi wa Novemba. Linachapishwa leo, Februari, kwa ruhusa yake na ya mama aliyetajwa. Majina na mtaa nimebadilisha. Rangi ya kifuniko mama mwenyewe amesema niiache ilivyo.