Waya wa Mume Wangu kwenye Boti ya Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali niwahi kabla ya Jumatatu ijayo.

Mimi nimeolewa na fundi umeme wa majumba, mtaani wanamwita Tochi, na kazi yake anaijua, usije ukadhani nimeanza kwa kumsema vibaya, akikuwekea soketi yeye basi imewekwa, lakini sasa kuna hii boti ya baba yangu, na hapo ndipo penye shida yangu. Baba ni seremala mstaafu, naye hakuwahi kumkubali mume wangu huyu, si kwamba waligombana, la, ila tangu siku ya posa alikuwa anamwambia karibu na kwaheri, katikati hakuna neno, na Tochi naye kwa heshima ya mkwe hawezi hata kumtazama usoni, kwa hiyo kila wanachotaka kuambiana kinapitia kwangu, mwambie baba hivi, mwambie mumeo vile, nimechoka mie.

Basi baba akanunua mota ya umeme, ile ndogo inayofungwa nyuma ya boti na kuisukuma polepole bila kelele, akavulie bwawani na amvushe mama kwenda kliniki ya macho ng'ambo, kwa sababu barabara ya kuzunguka bwawa ni mashimo matupu na mgongo wa mama hauiwezi. Sasa mota iko nyuma, betri nyuma, baba mwenyewe na tumbo lake nyuma, boti ikawa inainua pua juu kama inataka kupaa. Baba akataka betri ihamie mbele, na waya uliokuja na mota haufiki huko. Akaniambia, "Muulize mumeo kama anaweza kuurefusha." Mshauri, ungemwona Tochi alivyofurahi, utadhani ameposa upya na amekubaliwa.

Alirefusha kwa waya wa unene wa mbili na nusu, uleule anaotumia kwenye soketi za nyumba, akaupitisha chini ya benchi, ukanyooka vizuri sana. Baba akawasha, boti ikaenda, akamshika bega akamwambia, "Mkwe wangu, umenifaa." Tangu siku hiyo hasalimiani na jirani bila kumtaja mkwe, na chai Tochi ndiye anamiminiwa kwanza, sisi wa damu tunasubiri.

Jumapili baba akanichukua nikaione boti inavyokwenda. Mota ina namba moja hadi tano za mwendo, akaiweka ya tano. Mwanzoni ilikwenda, halafu ikaanza kulegea, baba akaanza kumlaani aliyemuuzia betri, na mimi nikashika benchi kwa chini ili nisiteleze, mkono ukaangukia ule waya. Mshauri, ulikuwa wa moto! Si vuguvugu, wa moto wa kukurusha, na ngozi yake ya plastiki imelainika hadi inabonyea, na harufu ile ya pasi iliyosahaulika. Nikaruka. Baba akauliza, "Vipi?" Nikasema mbu. Mbu, asubuhi kweupe, katikati ya bwawa, na yeye akaamini. Chini ya benchi hilohilo ndiko wanakoweka kamba, maboya ya kujiokolea na mkoba wa mama.

Nyumbani nikamwambia Tochi kwa upole kwamba nimeona waya una joto. Akacheka hadi akapaliwa. "Volti kumi na mbili? Hizo hata mende hazimshtui! Mota yenyewe ni wati mia sita, pasi yako inakula elfu moja na inapita kwenye waya huohuo kila siku." Mimi umeme nitaujulia wapi? Kesho yake anafunga mkoba wa vifaa, hanitazami, akasema, "Ukiongea na baba mwambie asizidishe namba mbili." Nikamuuliza kwa nini. "Mwambie tu ni kutunza betri." Nikampelekea baba ujumbe, naye akacheka, akasema namba mbili ni mwendo wa bata, na kwamba Jumatatu anamvusha mama akafanyiwe jicho, na ataiweka namba tano mwanzo mwisho ili wawahi foleni.

Mama yangu hajui kuogelea. Kurudi atakuwa na jicho moja limefungwa bandeji. Nikimwambia baba, nimemwaga mchanga kwenye kitumbua cha mume wangu, na heshima aliyoihangaikia miaka yote inaisha palepale. Nikirudi kwa Tochi, atasema namfundisha kazi. Dukani siwezi kuuliza, mwenye duka ni rafiki yake wa kufa na kupona. Niambie, waya sahihi ni upi, na nimwambie nani?

Mimi, mke na mtoto.

Mshauri anajibu:

Binti yangu, pole. Na pole yangu naifanya fupi kwa sababu umenikasirisha. Umeshika waya unaoungua, umenusa plastiki, unajua mama yako atakalia benchi hilo, halafu unamsingizia mbu? Hebu acha hizo.

Mimi ni mtu wa ndoa na wakwe, umeme siujui, kwa hiyo barua yako nilimsomea fundi anayefunga umeme wa boti. Hakucheka hata kidogo. Alisema mafundi wa nyumba wazuri ndio wanaoteleza hapo, kwa sababu wamezoea kuogopa volti. Volti kumi na mbili hazikurushi, ni kweli, lakini kazi ya wati mia sita ni ileile, na volti zikiwa chache ni lazima mkondo uwe mkubwa. Pasi yako ya nyumbani haifiki hata ampea tano. Mota ya baba yako kwa namba tano inavuta ampea hamsini. Waya wa mbili na nusu mwisho wake ni ampea ishirini na kidogo. Umebebeshwa zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, ndiyo maana unachemka, na ndiyo maana mota inalegea, nguvu inaishia njiani kupasha waya moto. Aliyeuza betri mmemlaani bure.

Waya unapimwa kwa mkondo na kwa urefu, na urefu ni wa kwenda na kurudi. Betri ikiwa mita nne kutoka kwenye mota, hesabu nane. Kwa hapo fundi anataka waya wa ishirini na tano, yaani milimita za mraba, wa shaba tupu, wenye nyuzi nyingi laini, si ule mgumu wa ukutani, maana boti inatikisika. Maungio yabanwe kwa vichwa vya shaba vinavyovishwa ncha za waya, sitaki kusikia habari ya kusokota na kuzungushia tepu. Fyuzi ya ampea sitini ikae jirani kabisa na betri. Na msome kitabu cha mota, kama inavuta zaidi ya hamsini, waya unenepe na fyuzi ibadilike nao. Wakimaliza, boti ifungwe kwa kamba ukingoni bila abiria, wawashe namba tano, mumeo aushike waya kwa mkono wake mwenyewe. Asiporuka, tutaongea.

Sasa tuje kwa huyo Tochi. Unaniandikia kwamba ni mbishi, halafu mwenyewe unaninukulia ujumbe wake: asizidishe namba mbili. Soma tena barua yako! Kwa namba mbili mota inavuta mkondo ambao waya ule unaumudu. Mtu anayeamini kazi yake hatumi ujumbe kama huo, tena bila kukutazama. Mumeo alicheka mbele yako, kisha akaenda kupiga hesabu peke yake, akaona, akaogopa. Anaogopa kikombe cha chai kisirudi kuwa cha mwisho. Namhurumia, kweli namhurumia, lakini amemkabidhi mama mkwe wake kwa neno "mwambie tu", na hilo ni la kumkemea.

Basi leo, akivua viatu, usimwambie umesikia joto. Mwambie, "Tochi, habari ya ule waya unaijua, na mimi naijua. Kamwambie baba." Usichukue ujumbe wowote, hata akikubembeleza. Aende yeye, amtazame mzee usoni, aseme, "Baba, waya niliouweka ni mwembamba, naomba usiwashe mpaka niubadilishe." Baba yako ni seremala, amekata mbao fupi maishani mwake zaidi ya alizokata sawa, atamwelewa kuliko mnavyodhani. Na kama waya mpya haujapatikana kufikia Jumatatu, ule wa soketi ufunguliwe utupwe, betri irudi nyuma ambako waya wa mota wenyewe unafika, mama akae mbele na ndoo ya mchanga miguuni, pua ya boti itashuka. Kila mtu avae boya lake tangu ukingoni, wasiyaweke chini ya benchi.

Nampa hadi Jumamosi. Jumapili asubuhi, kama bado anajing'atang'ata, piga moyo konde useme wewe, mbele yake na mbele ya baba yako, neno kwa neno. Atakununia. Mwache anune. Mama yako atakuwepo wa kuwapatanisha.