Nilikwambia Tela Limepita Lote

Mpanda, mwezi wa tano

Mtani wangu Fidelis,

Barua zetu huwa tunaanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Leo imebidi nigeuze. Wewe huko Usevya ulikolala huna hofu tena na mtu. Hofu yote ninayo mimi, na uzima wenyewe ndio huu wa kula nusu sahani na kuisukuma iliyobaki. Najua ungenicheka. Ungesema Mnyamwezi akiacha ugali, basi ujue kuna jambo.

Kuna jambo kweli. Kwenye ripoti ya ajali yako wameandika kwamba ulikufa kwa uzembe wako mwenyewe. Neno ni hilo hilo, uzembe, limepigwa taipu, nimelisoma kwa macho yangu pale ofisini kwetu. Nikakaa nalo miezi minne bila kufungua mdomo, na katika Mpanda nzima mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba si kweli.

Wewe mzembe! Wewe uliyekuwa unasimamisha lori kila baada ya mvua, unashuka, unakwenda kupiga kisigino ukingoni mwa barabara usikie kama udongo umeshiba maji, ndipo unapanda na kupita. Siku ile karibu na Kakese nilikuwa nyuma yako, nikakupigia honi mpaka akina mama waliokuwa wanapalilia wakaacha majembe. Nikapiga kelele, lala hapo hapo basi, Mpimbwe wewe, ukishiba wali wa kwenu kila udongo unauona kitanda! Ukanijibu kwamba wewe una watoto watatu na mimi nina mdomo mmoja tu. Tulipofika Inyonga tukagawana asali kwenye kikombe kimoja, ukanimalizia.

Acha nieleze kila kitu kwa mpangilio, maana hata yale unayoyajua ulidanganywa ndani yake.

Mwaka jana tumbaku ilijaa Inyonga ikawa haina wa kuibeba, na dizeli ikawa ya kubembeleza. Ndipo shirika letu likaleta lile tela refu. Ulilipima kwa miguu ukasema limezidi yale ya zamani kwa hatua saba. Afisa wa barabara akaja kuchukua maoni ya madereva, kama matela ya namna ile yaruhusiwe kwenye barabara za wananchi au hapana. Tulikaa uani juu ya matairi mabovu, na wa kwanza kusimama ulikuwa wewe. Ulisema, "Ndugu Afisa, barabara hii ilichongwa kwa lori fupi. Mimi nikiwa kwenye usukani, mkia wa tela hili kwenye kona siuoni. Na mwananchi mwenye baiskeli anayepishana na mimi hajui kama nimekwisha kupita au bado."

Wengi waliguna kukubali. Wengine walikuwa na yao: lori moja likibeba mzigo wa mawili, dereva mmoja atapewa ufagio. Wawili watatu walilitaka, wakasema safari zitapungua na watawaona watoto wao. Mimi nilinyamaza. Haki ya Mungu, nilikuwa nalitazama tu lile tela na kulitamani, kama mtu aliyesimama mbele ya baiskeli mpya dukani.

Afisa akasema maneno hayatoshi, tujaribu, toeni dereva mmoja aliye hodari. Nyie wote mkageuka mkanitazama. Kichwa kikavimba, mtani. Nisikufiche.

Ulikuwa mwezi wa nane, barabara kavu, vumbi la kufika magotini. Mimi nikatoka Inyonga na marobota ya tumbaku hadi juu. Afisa na wakubwa wetu walitangulia na Landrova ili wasile vumbi langu, na nyuma yangu hakuwepo mtu. Pale kwenye kona ya kalavati, kile kidaraja chembamba cha kupitisha maji chini ya barabara, nilijitanua kulia kadiri nilivyoweza, kisha nikakata kushoto. Lori likapita. Halafu nikasikia usukani umekuwa mwepesi ghafla, mwepesi vibaya. Nikatazama kioo. Vumbi lilipasuka kidogo, nikaliona gurudumu la nyuma la kushoto linazunguka hewani, nje kabisa ya kalavati. Nikakanyaga mafuta. Udongo ulikuwa mkavu kama tofali, ukingo haukukatika, tela likagonga likapanda tena barabarani. Shati lilikuwa limenilowa chepechepe.

Tulipofika Mpanda, Afisa akaniuliza limekwendaje. Nikasema, "Safi kabisa, Ndugu Afisa." Wakanipigia makofi.

Wewe hukupiga makofi. Ulinifuata bombani nilikokuwa nanawa, ukasubiri wengine waondoke, ukasema, "Mtani, hapa hatutaniani. Pale kwenye kalavati, tela limepita lote?"

Nikakuambia, "Limepita lote."

Ningesema nini, Fidelis? Watu walikuwa wamemaliza tu kunipa mkono. Wakubwa walikuwa wanalitaja jina langu ukumbini. Nilijiambia nitakueleza baadaye, tukiwa njiani, tukiwa wawili. Ulinitazama kidogo ukasema, basi kama Maganga kasema limepita, mimi sina neno. Kesho yake maoni yalipoandikwa, ukakaa kimya, na uliponyamaza wewe wakanyamaza wote. Karatasi ikaondoka Mpanda ikisema madereva wamekubali. Na huko njiani hatukuwahi kukutana tukiwa wawili, au tulikutana nikazungumza mambo mengine.

Mwezi wa kwanza ukapewa tela lile upeleke mbolea Inyonga. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kuna mrina asali mmoja alikuwa juu ya mti wake, alikuona. Aliniambia mimi, hakuna mwingine aliyejishughulisha kumuuliza. Alisema ulisimama kabla ya kona, ukashuka, ukapiga kisigino mara nyingi, ukatingisha kichwa kama umeridhika, ukapanda. Kwa hiyo ulipima, mwenzangu. Ulipima pale matairi ya lori yanapokanyaga. Kule ndani ya kona unakokwenda kukanyaga mkia wa tela hukupima, kwa sababu mimi nilikwambia tela linapita lote. Ukingo ukakatika, tela likaanguka likalivuta lori.

Wakaandika uzembe. Na sababu waliyoitoa ni mimi! Wakasema dereva mwenzake alipita hapo hapo na tela hilo hilo bila tatizo, kwa hiyo barabara haina kosa na tela halina kosa.

Sasa nifike kwenye mazishi, maana hapo ndipo ninaposhindwa hata kushika kalamu. Mimi ni mtani, na mtani msibani ana kazi yake ya kuwachekesha wafiwa. Nyumbani kwenu walikuwa wananisubiri mimi. Nikaingia kaburini kabla yako, nikajilaza, nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo. Wakacheka, wakanipa. Nikashika ungo nikaufanya usukani, nikazunguka nao kati ya waombolezaji huku napiga honi kwa mdomo, nikasema, "Dereva gani huyu anashindwa na kalavati! Mpimbwe mpe jembe, usukani tuachieni wenyewe!" Watu walicheka huku wanalia, ndivyo inavyotakiwa. Baba yako naye alitabasamu, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Lakini niliona alivyoshusha macho. Ruhusa ya kusema lolote nilikuwa nayo mimi pale, siku ile ningeweza kusema kweli yote na hakuna ambaye angenigusa, nami nikaitumia kukutukana kwa kosa langu.

Nasikia tangu hapo mzee hakutaji mbele ya wageni. Mnadani watu humwita baba wa yule dereva mzembe. Mjukuu wake mkubwa akichezea gari la mabua humwambia atupe.

Wiki mbili zilizopita Afisa alirudi. Safari hii wanataka matela marefu yapite na njia ya Sitalike, kule kwenye daraja jembamba. Tukakaa tena juu ya matairi yale yale. Akasema Ndugu Maganga, wewe ndiye mwenye uzoefu, waeleze wenzako. Nikasimama. Nikasema, "Ndugu Afisa, siku ya jaribio gurudumu langu lilitoka nje ya kalavati. Nililiona. Nikawadanganya nyie, na nikamdanganya marehemu." Unajua walifanya nini? Walicheka. Walidhani Maganga kaanza vituko vyake. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu, ndipo wakaacha kucheka.

Baada ya hapo walisimama wengine sita, mmoja mmoja. Mmoja aliwahi kumsukumia mtu wa baiskeli mtaroni na tela lile akaficha. Mwingine huwa anasali akilikaribia kalavati. Wote tulikuwa na yetu, wote tuliona aibu kuonekana hatujui kazi. Afisa aliandika kurasa tatu. Sitalike matela hayatapita, na Inyonga tela limesimamishwa mpaka kalavati zipanuliwe. Mimi wameniondoa kwenye lori, niko gereji naosha vipuri kwa mafuta ya taa. Sinung'uniki.

Lakini nilipouliza ripoti yako itafutwa lini, Afisa alisema hayo ya marehemu yamekwisha kufungwa, leo tulizungumza matela. Basi lile neno bado lipo, na jina lako liko juu yake.

Nikaenda kwa shemeji. Mama Leonia alikuwa anapepeta mchele. Nilimweleza nikiwa nimesimama, sikuthubutu kuvuta kigoda. Aliendelea kupepeta mpaka maelezo yangu yalipofika pale bombani. Akauliza, "Alikuuliza?" Nikasema aliniuliza. Akaweka ungo chini. Kuku wakaanza kudonoa mchele na hakuwafukuza. Mwisho akasema niende kwa baba mkwe wake, kwa sababu yeye ndiye niliyewachekesha watu mbele yake. Hakunikaribisha chakula, Fidelis. Miaka yote ile sijawahi kutoka kwako bila kula. Watoto walikuja kunisalimia akawaita ndani.

Ninakukumbuka vibaya sana. Gereji wananitania vijana ambao utani hawaujui, nami sina wa kumjibu. Sikuombi msamaha kwenye karatasi hii, maana karatasi haiwezi kukataa, na wewe ungekuwa na haki ya kukataa.

Ila nakuahidi hili. Jumamosi kuna lori la chumvi linakwenda huko kwenu Mpimbwe, nimeomba lifti. Nitapita kwako kwanza, nikupalilie kaburi. Kisha nitakwenda kwa mzee nikae chini kwenye udongo, majirani wake wakiwepo, na hao wa mnadani nitaomba waitwe. Najua akiniona atajua mtani amekuja, atajiandaa kucheka. Nitamsubiri amalize. Halafu nitamwambia, mzee, mwanao alikuwa mwangalifu kutuzidi sote. Aliniuliza mimi njia, akaamini nilichomjibu, na hicho ndicho kilichomuua.

Lala salama, ndugu yangu.

Maganga