Barua Isiyouliza Habari za Ng'ombe

Ahero, Jumanne, Mei 1968

Nilidhani chifu amekuja kunigombeza.

Wiki jana niliwafundisha darasa la sita kwamba barua ya ofisini si kama ya shangazi. Huulizi habari za ng'ombe, unasema shida yako. Akinyi alinibishia: "Lakini mwalimu, mzee hasalimiwi?" Hata hivyo alimwandikia chifu mistari mitatu kuhusu daraja letu lililobebwa na mafuriko, nami nikaipeleka.

Leo chifu kasimama mlangoni. "Nani hakunisalimia?"

Akinyi akainuka. Nikasogea karibu naye.

"Barua zenu hunichosha kabla sijafika kwenye shida. Hii nimeimaliza. Mbao zinakuja Ijumaa."

Baadaye Akinyi ameniuliza kama barua ya shukrani inaruhusiwa kuwa na salamu. Nimemwambia ajaze ukurasa mzima.