Kuku wa Kalekye

Matiliku

Kwa dada yangu Mumbua, huko Kabati,

Natumai nyumbani wote mko salama. Huku mvua imenyesha na ndengu zimetoa maua. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningesema niko sawa.

Unakumbuka nilishuhudia kanisani kwamba uvimbe wa titi umeisha baada ya maombi? Haukuwa umeisha. Niliona umepungua kidogo, nikataka kuamini. Watu walipiga makofi, na baada ya hapo nikaona aibu kurudi hospitali, kama vile ningekuwa namwita Mungu mwongo.

Juzi maumivu yalinirudisha. Daktari alinieleza polepole kwamba seli za mwili hugawanyika ili kidonda kipone, kisha huambiwa inatosha, nazo huacha. Zangu hazisikii tena. Zinaendelea tu kugawanyika. Akaniuliza nilikuwa wapi miezi hiyo yote. Niliangalia viatu vyangu.

Lakini kinachoninyima usingizi ni jirani yangu Kalekye. Yeye pia ana uvimbe, na aliponisikia nikishuhudia, akaacha kwenda kliniki. Jana aliniletea kuku wa shukrani, eti ushuhuda wangu ndio uliompa imani. Nilimpokea huyo kuku. Nikasema asante.

Nimemfunga mguu kwa kamba jikoni. Siwezi kumchinja. Kesho asubuhi nitamrudishia Kalekye kuku wake, na nikifika kwake nitafungua blauzi aone mwenyewe.

Niombee, dada, lakini pia uje.

Mdogo wako,
Katunge