Dada Sabina, Shangazi Ameshindwa

Litembo, Jumapili mchana

Dada Sabina,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Mwaka umepita na mwezi juu yake, na kila nikishika kalamu mtoto analia, au nalia mimi mwenyewe, basi naiweka. Tena niseme ukweli, sikuwa na habari. Kufa kwako ulikuwepo mwenyewe, ningekuandikia nini? Leo ninayo habari, na nisipomwambia mtu anayejua pikipiki nitapasuka.

Kikundi chetu cha wakulima kimenunua pikipiki mpya, Dada! Kampuni ileile ya pikipiki yako, rangi ileile nyekundu, ule mdomo wa mbele kama wa bata, ila ni toleo jipya kabisa. Siti bado ina nailoni. Mama Gaudensia, mweka hazina, amekataza mtu yeyote kuibandua.

Mtoto ninayemsema humjui. Ni ile mimba uliyokuwa unaicheka, "Edita, hiyo imekaa kama tenki la mafuta." Alizaliwa miezi mitatu baada ya kukuzika. Anaitwa Vitus. Ana miezi kumi, ana meno manne na anauma. Baba yake yuko kwenye mgodi wa makaa ya mawe kule Ruanda, hii yetu ya Mbinga, anarudi Jumamosi jioni amechoka kuliko mimi, tunasinzia mezani wote wawili kama walevi.

Tangu uondoke hakuna aliyepeleka pembejeo vizuri. Shangazi, pikipiki yako ya zamani, ulimwacha ghalani chini ya turubai. (Bado tunamwita hivyo, kwa sababu yako, ulisema analalamika asubuhi nzima lakini hajawahi kukosa msiba.) Wanachama wa kahawa huku juu walizifuata wenyewe, kwa miguu. Wale wa korosho kule ziwani, salfa ya kupulizia mikorosho iliwafikia maua yameshaharibika. Wanauliza mpaka leo, "Bibi shamba wetu yuko wapi?" Hukuwa bibi shamba, Dada, ulikuwa mbeba magunia, na hukuwahi kuwakatalia.

Basi kamati ikakaa. Wakasema inabaki pikipiki moja, nyingine inauzwa, na atakayeendesha lazima aonekane kwanza barabarani. Nikanyoosha mkono. Mzee Kastory, mwenyekiti, akaniangalia juu ya miwani. "Edita, wewe una mtoto mchanga." Nikamwambia, shikamoo Mzee, mtoto ninaye, na mikono yote miwili ninayo. Mama Gaudensia akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

Lakini niliogopa kushindwa. Nikishindwa, wanakodi mtu kutoka Mbinga mjini, na mimi narudi Kitai kuuza maandazi kwa abiria. Unajua ile kazi. Basi likisimama unakimbilia dirishani na beseni kichwani, mtoto mgongoni, abiria anakuuliza kama ni ya jana. Sitaki tena. Macho yangu yamechoka na ule moshi.

Mtihani ulikuwa hivi: safari moja mara mbili. Gunia la salfa kutoka ghalani kwetu, unapita Mbinga, unashuka lami mpaka Mbamba Bay, halafu ile njia ya vumbi ya Liuli mpaka kwa wanachama wetu, na kurudi siku hiyohiyo. Jumanne kwa Shangazi, Alhamisi kwa mpya. Kisha niseme mbele ya kamati ipi ibaki na kwa nini.

Jumanne Shangazi alifanya yale yale. Choki nje, kiki mara tisa, kohoa, kimya, kiki tena, moshi, akakubali. Nilimpenda hivyo hivyo. Siti ile uliyoishona kwa kipande cha gunia bado inakwaruza. Kwenye mteremko wa changarawe wa njia ya Liuli, pale ziwa linapoonekana chini, ule wenye kona mbili, nikakanyaga breki ya nyuma na tairi likaganda, mkia ukaenda upande wake na mimi upande wangu. Sikuanguka. Lakini gunia lilinisukuma mgongoni na nikaanza kusali kwa Kimatengo. Kurudi, mafuta yakaisha katikati ya mlima, nikageuza ile koki ya mafuta ya akiba huku naendelea kwenda, kama ulivyonifundisha. Nilifika nyumbani maziwa yamelowesha blauzi mpaka kwenye koti, na Vitus alikuwa ameshalia mpaka akalala na kwikwi. Mama ndiye niliyemwachia. Alinipa mtoto tu. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi sasa. Kaa vizuri usikie.

Nimeitoa mpya ghalani kwa kusukuma, nimeiegesha mbele, kamati yote ipo, na watu wa sokoni wamekuja kutazama. Unajua sisi wa huku, hakuna anayeegesha pikipiki bila gia, maana ni miteremko tu, ikiteleza utaikuta imelala kwenye ngoro za mtu, ndani ya mashimo ya mahindi yake, na kesi juu. Nikaweka gia ya kwanza, stendi chini, nikafunga gunia kwa mipira yangu. Nikapanda. Siti iko juu, Dada, nafika chini kwa vidole tu. Nikabana klachi, nikabonyeza stata.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Mguu wangu wa kulia ukaanza kupapasa kutafuta kiki. Hakuna kiki! Hawakuweka! Mguu unachezacheza hewani kama kuku aliyechinjwa na watu wanatazama. Mmoja akapiga kelele, "Imekukataa hiyo, mrudie Shangazi yako!" Mwingine akasema, "Labda inataka shikamoo." Mzee Kastory akaanza kufuta miwani, na mimi namjua, akifuta miwani ameshaamua.

Jasho, Dada. Nikaona beseni la maandazi, nakuapia, nililiona kabisa.

Ndipo nikakumbuka siku ile tumekwama, mimi nalia, wewe unakula muwa. "Pikipiki haina uchawi, ina waya. Fuata waya." Nikashuka. Nikainama mbele ya watu wote, na sketi yangu na suruali chini yake, nikafuata waya kwa kidole. Kutoka kwenye stata, hakuna kilichokatika. Upande wa pili, chini, kuna kawaya kembamba kameingia kwenye stendi. Kwenye stendi! Nani anapeleka umeme kwenye stendi? Nikasimama, nikafikiri. Nikamwomba Mama Gaudensia ashike usukani, nikapandisha stendi, nikapanda, nikabana klachi, nikabonyeza.

Ikanguruma palepale. Mara moja tu, bila choki, bila moshi, bila kikohozi. Nikaiteremsha stendi kwa kisigino, ikazima. Nikaipandisha, nikabonyeza, ikawaka. Nikafanya hivyo mara tatu ili waone wote. Kumbe ikiwa na gia inakataa kwenda na stendi chini, ili usisahau ukajipindua kwenye kona. Wamekaa watu huko kiwandani wakamfikiria mtu mwenye haraka kama mimi. Mzee Kastory alivaa miwani yake, akasema, "Nenda sasa, jua linapanda."

Nikaenda! Dada, ile pikipiki! Gia sita. Kwenye lami ya Mbamba Bay nilikuwa bado natafuta ya sita wakati Shangazi angekuwa ameshaanza kulia aongezewe gia. Shokapu za mbele ndefu, mashimo inayameza. Kuna kioo kinachokuonyesha mafuta yamebaki kiasi gani, huna haja ya kutikisa tenki na kutega sikio. Na breki! Kwenye mteremko ule wa kona mbili nilikanyaga kwa makusudi, kwenye changarawe ileile ya Jumanne. Ikagongagonga chini ya mguu, tatata, kama mtu anabisha hodi, tairi halikuganda, nikasimama wima. Nilizima injini, nikacheka peke yangu. Ziwa lilikuwa jeupe chini pale. Nikageuka kukuambia.

Nililia kidogo, halafu nikaendelea, kwa sababu salfa haijipeleki.

Ina kasoro, usidhani nimepofuka. Kabureta ya Shangazi ungeifungua barabarani kwa bisibisi moja na mswaki wa zamani. Hii mpya betri ikifa milimani unasukuma mpaka kwa fundi mwenye kompyuta, na fundi huyo sijui ni nani. Siti iko juu kwa wanawake wa ukubwa wetu. Mlio wake mdogo, watoto wa njiani hawakusikii mpaka umefika, kwa hiyo honi unapiga kila kona. Yote haya niliyasema mbele ya kamati. Nikasema pia la kweli: Shangazi ameshindwa. Uliapa hakuna chuma kitakachompita, na mimi nilitaka uwe umesema kweli. Lakini Alhamisi nilirudi jua likiwa bado juu ya mlima, Vitus amekaa mkekani anacheka na kijiko. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Siwezi kuibadili kwa ajili ya kukupenda.

Kazi wamenipa. Shangazi atauzwa kwa katekista mmoja, mtu mpole, hatambebesha mkaa. Nimemwonyesha jinsi ya kumbembeleza asubuhi.

Kwaheri, Dada yangu. Pumzika. Ninakuahidi mikorosho ya watu wako haitakaa tena ikingoja salfa mpaka maua yawe meusi, hata kama nitanyonyesha kando ya barabara.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi naanza rasmi, kwa hiyo vitu hivi nitumie leo, kwa ndoto au kwa njia yoyote mnayotumia huko. Majina ya watoto wa kwanza wa akina mama wote wa ziwani, maana wewe uliwaita kwa watoto wao, na mimi nikisema "mama" tu wananitazama kama karani wa kodi. Lile neno la Kinyasa ulilosema kabla ya kufungua gunia, wakacheka wote. Mahali pa kuvukia mto wa pili maji yakijaa, ulisema utanionyesha masika yakija. Saa nne za usingizi, mfululizo. Na ile sauti yako nyuma ya kofia yangu, kali hivyohivyo, usiipunguze: "Angalia unakokwenda, Edita, usiangalie tairi!"

Mdogo wako,
Edita